Kosa la Kusimama Barabarani

Ukimtajia mkazi wa Jangwani au Kariakoo jina la Kisutu leo, atafikiria mahakama: karandinga likiingia getini, mawakili na mafaili yao, waandishi wa habari wakisubiri kesi kubwa. Wazee wa mjini wanalikumbuka jina hilo kwa jambo jingine. Enzi za Mwingereza, Kisutu, ng'ambo tu ya viwanja vya Mnazi Mmoja, ilikuwa mtaa uliojulikana Dar es Salaam nzima kwa ukahaba. J.A.K. Leslie, ofisa wa serikali ya kikoloni aliyechunguza maisha ya Waafrika wa mji huu katika miaka ya 1950 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1963, hakuacha kuutaja. Katika miaka ya 1970 serikali ya nchi iliyokwisha kuwa huru ikazivunja nyumba za Kisutu. Nyumba zikaondoka, biashara ikabaki. Ilichofanya ni kuhama. Majina ya vituo vyake vipya kila mtu anayajua: Buguruni, Mwananyamala, Sinza, na Uwanja wa Fisi kule Manzese, ambao nao mwaka 2025 viongozi wa mkoa walitangaza kuugeuza eneo la biashara halali. Imepita nusu karne na bado tunatumia dawa ileile ya kubomoa, kufukuza na kukamata.

Mjadala wetu wa sheria ya ukahaba huanzia na kuishia kwenye swali la kama ukahaba ni mbaya. Wasomaji wengi wana jibu lao tayari, na sina nia ya kuwaondolea. Lakini sheria ina kazi nyingine kuliko kutangaza kibaya na kizuri. Sheria hugawa nguvu: huamua nani anaweza kumshika nani, nani anaweza kumshitaki nani, na nani atamwogopa nani. Ndiyo maana mifumo ya nchi mbalimbali naipima kwa kipimo kimoja, ambacho nitakiita kipimo cha PF3. Saa nane za usiku, katika gesti moja ya mtaa wa Kariakoo, mteja amempiga mwanamke, amemnyang'anya simu na fedha za usiku mzima. Je, mwanamke huyo anaweza kwenda kituo cha polisi, akaeleza yaliyompata bila kuficha alikuwa anafanya nini pale, akapewa RB, yaani namba ya taarifa yake, na fomu ya PF3 ya kutibiwa, kisha akaondoka kama mlalamikaji? Au atageuka mtuhumiwa kabla hajamaliza kueleza? Jibu la swali hilo linatuonyesha mfumo unamlinda nani hasa, hata kama dibaji ya sheria yenyewe inasema vinginevyo.

Tuanze na wa kwetu. Wengi huamini kwamba Tanzania Bara sheria inakataza kuuza mwili. Ukiifungua Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, utakuta mambo hayako wazi hivyo. Sheria hiyo ya mwaka 1945 inawaandama wanaonufaika na ukahaba wa mwingine na wenye kuendesha madanguro, katika vifungu vya 145, 146 na 148. Mwanamke mwenyewe hanaswi na tendo la faragha. Ananaswa na kifungu cha 176, kile ambacho mahakamani huitwa uzembe na uzururaji, kinachomtaja “kahaba wa kawaida” anayezurura au kutafuta wateja mahali pa umma. Jirani zetu Uganda walikwenda mbali zaidi: kwao ukahaba wenyewe ni kosa, na adhabu yake inaweza kufika miaka saba jela. Sisi tulibaki na urithi wa Mwingereza, na urithi huo ni mkongwe kuliko ukoloni wetu. Maneno ya kifungu cha 176 yana asili yake katika sheria ya uzururaji ya Uingereza ya mwaka 1824, iliyotungwa wakati miji ya nchi hiyo imejaa maskini na askari waliorudi vitani bila kazi, na matajiri wamechoka kuwaona. Ilikuwa sheria ya kusafisha barabara. Haikumuuliza mtu amemdhuru nani. Ilimuuliza wewe ni nani na umesimama hapa kwa nini.

Kasoro ya kosa la namna hiyo ni ushahidi. Mwizi hushikwa na mali au hutajwa na aliyeibiwa. Mzururaji hushikwa kwa jicho la anayemkamata: saa ngapi, sketi ya namna gani, kona ipi. Mwaka 1983, sheria ya Nguvu Kazi ilipoanza kutekelezwa na watu wasio na kazi kukamatwa ili wapelekwe mashambani, wanawake wa Dar es Salaam walijikuta wakidaiwa cheti cha ndoa barabarani, na asiyekuwa nacho akahesabiwa malaya. Tangu hapo kamatakamata haijakoma. Mwaka 2016 ilivuma mji mzima. Juni 2024 operesheni ya Wilaya ya Ubungo iliwafikisha wanawake mahakamani na kuwagawa Watanzania pande mbili kwa wiki kadhaa. Na tufikirie Kariakoo yenyewe, ambayo tangu Februari 2025 imeruhusiwa kufanya biashara saa 24. Saa nane za usiku pale Msimbazi kuna mama ntilie, mpanga viatu, mchuuzi wa vitenge anayemsubiri mteja wa Lubumbashi au Lusaka, na kuna dada poa. Wote wamesimama, wote wanamtafuta mteja. Kifungu cha 176 kinamtaka mgambo awatofautishe kwa kuwatazama. Human Rights Watch, katika ripoti yake ya mwaka 2013 kuhusu Tanzania, iliandika kinachotokea pale jicho la askari linapokuwa ndiyo hakimu: rushwa, vipigo, na wanawake kulazimishwa kulala na waliowakamata. Kwa kipimo cha PF3, mfumo wetu umefeli. Mwanamke aliyeibiwa anapiga hesabu na kuona kwamba kituo cha polisi ndicho mahali pa hatari kuliko pote.

Sasa kuna dawa inayopendwa sana vijiweni: tuwape leseni, tuwapime, walipe kodi. Ina mvuto wa hesabu, na hainichekeshi. Kodi ni kodi. Lakini imejaribiwa kwa muda mrefu, na Afrika tunayo maabara yake, yaani Senegal. Tangu mwaka 1969 mwanamke wa huko mwenye miaka 21 au zaidi anaweza kufanya ukahaba kihalali akijiandikisha, akibeba kadi ya afya na kupimwa mara kwa mara. Nchi hiyo, ambayo sehemu ya Waislamu katika watu wake ni kubwa kuliko kwetu, imesifiwa kwa kudhibiti UKIMWI mapema, na kadi hiyo inatajwa kuwa sababu mojawapo. Hata hivyo wanawake walio wengi hawakujiandikisha. Nani anataka jina lake liandikwe kwenye daftari la serikali kama kahaba, wakati ana watoto shuleni na mama kijijini? Ujerumani, yenye ofisi nyingi na karani wa kila jambo, ilikutana na ukuta huohuo. Ilihalalisha ukahaba kama ajira mwaka 2002, ikaongeza usajili wa lazima mwaka 2017, na mwishoni mwa mwaka 2019 waliosajiliwa walikuwa kama 40,000 tu katika biashara inayokadiriwa kuwa na watu wengi mara kadhaa ya hao. Leseni huwagawa wanawake mafungu mawili: wachache wenye karatasi wanaolindwa, na wengi wasio na karatasi walio palepale walipokuwa, ila sasa wana kosa la nyongeza. Mmachinga wa Kariakoo aliyeishi enzi za vitambulisho na vibali anajua vizuri karatasi inavyogeuka chambo. Na kumpima mwanamke kwa nguvu huku mteja akienda zake bila kupimwa ni mchezo ambao Waingereza wenyewe waliucheza kwa sheria zao za magonjwa ya zinaa kuanzia 1864, hadi kelele za kina Josephine Butler zilipowalazimisha kuzifuta mwaka 1886.

Njia ya tatu ndiyo yenye wasomi na wanaharakati wengi nyuma yake, na inastahili kujibiwa kwa heshima. Sweden, kuanzia Januari 1, 1999, iliigeuza sheria miguu juu: anayeuza hana kosa, anayenunua ndiye mhalifu. Norway na Iceland zikafuata mwaka 2009, Ufaransa mwaka 2016 kwa faini ya euro 1,500, Ireland mwaka 2017. Hoja yao ina uzito: mwenye fedha ndiye mwenye nguvu, basi aadhibiwe yeye. Tathmini ya serikali ya Sweden ya mwaka 2010 ilisema ukahaba wa barabarani umepungua kwa nusu, na Julai 2024 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ilikataa madai kwamba sheria ya Ufaransa inakiuka haki za wanaouza. Wapinzani wanajibu kwamba biashara iliingia kwenye simu na vyumbani, na kwamba mteja mwenye hofu humvuta mwanamke kwenye kona yenye giza na kumharakisha kupanda gari kabla hajamtazama vizuri usoni. Mimi nina wasiwasi mwingine, wa hapahapa nyumbani. Kanuni yetu ya Adhabu nayo imekwisha kuongezewa kifungu, cha 176A, kinachomgusa mwanamume anayekutwa na kahaba. Kwa maneno mengine, nusu ya Sweden tunayo tayari. Nusu ambayo hatuna ndiyo ile iliyobeba mzigo wote kule: mwanamke kutokuwa mtuhumiwa, ofisa wa ustawi wa jamii anayepatikana, nyumba, posho, na askari anayelipwa vizuri kiasi cha kutoihitaji noti ya mteja aliyefumaniwa. Tukiichukua adhabu ya mnunuzi peke yake tutakuwa tumeongeza mtu wa pili wa kutoa rushwa katika chumba kilekile, na mteja aliyejaa hofu atahakikisha mwanamke hafiki kituoni kuchukua PF3.

Njia ya nne ilipita kwa uzi. Juni 2003 Bunge la New Zealand lilipitisha sheria ya kuondoa ukahaba wa watu wazima kwenye makosa ya jinai kwa kura 60 dhidi ya 59, na mbunge pekee Mwislamu katika bunge hilo hakupiga kura upande wowote. Kura yake ingeweza kuizuia. Sheria hiyo haikumtaka mwanamke ajiandikishe popote. Inaruhusu wanawake hadi wanne kufanya kazi pamoja katika nyumba yao bila leseni, inamwadhibu anayemlazimisha mwingine, na inamwadhibu anayemnunua aliye chini ya miaka 18. Kamati iliyoitathmini mwaka 2008 haikuona kwamba idadi ya makahaba imeongezeka, jambo lililokuwa hofu kubwa ya waliopinga, na zaidi ya nusu ya wanawake waliohojiwa walisema sasa wanaweza kumkataa mteja. Habari ya wanawake wanne katika nyumba moja haipaswi kutushangaza sisi wa Afrika Mashariki. Mwanahistoria Luise White, katika kitabu chake cha mwaka 1990 kuhusu Nairobi ya ukoloni, alionyesha kwamba waliokuwa na chumba chao, wakimpokea mwanamume kwa chai, maji ya kuoga na kitanda, walipata utulivu na akiba kuliko watembezi wa barabarani. Baadhi yao walimiliki nyumba Pangani na Pumwani. Kwetu leo wanawake wawili wakipanga chumba kimoja ili kila mmoja amwangalie mwenzake, chumba chao kinaweza kuitwa danguro. Sheria inawasukuma barabarani, kisha inawakamata kwa kuwa barabarani.

Hata hivyo sisemi tuibebe sheria ya New Zealand kama ilivyo. Ile ni nchi ya visiwa, na polisi wake hawana sifa ya kula rushwa. Tena sheria yake ina tundu: mgeni mwenye viza ya muda hafaidiki nayo, kwa hiyo anarudi kwenye hofu ileile. Kwa mji wa bandari na soko kama wetu, wenye wanawake kutoka kila mkoa na nchi jirani, tundu hilo lingekuwa kubwa kuliko ukuta. Ninachokichukua kutoka kule ni mpaka uliowekwa kati ya tendo la mtu mzima aliyeridhia na tendo la kumdhuru, kumlazimisha au kumtumia mtoto.

Pingamizi la kwanza ni la dini, na kwa mji kama huu ndilo pingamizi halisi. Uislamu na Ukristo vyote vinakataza zinaa, na hakuna sheria ya bunge itakayoihalalisha mbele ya Mungu. Lakini tazama jinsi sharia ya Kiislamu, yenye adhabu kali kwa zinaa, ilivyoizungushia adhabu hiyo ukuta wa ushahidi: mashahidi wanne walioona kwa macho yao, na anayemsingizia mwanamke bila mashahidi hao anachapwa yeye bakora themanini. Kifungu cha 176 kinaridhika na shahidi mmoja aliyeona sketi. Anayekitetea kwa jina la dini ajiulize kama angekubali binti yake, aliyechelewa kufunga duka Kariakoo, apimwe kwa mizani hiyo. Pingamizi la pili ni la watoto na wasichana wanaosafirishwa kutoka mikoani kwa ahadi ya kazi za ndani. Hapa sina mjadala: mtoto hawezi kuridhia, na mtu yeyote anayemuuza anastahili jela. Ila sheria ya kumfunga ipo tayari, Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2008, pamoja na vifungu vya ukuwadi. Kinachokosekana ni shahidi. Anayejua binti wa miaka 15 amefichwa chumba kipi kwa kawaida ni dada poa wa chumba cha pili, na huyo hatafungua mdomo maadamu akifika kituoni atawekwa ndani yeye kwanza.

Pingamizi la tatu ni la afya: tukilegeza, maradhi yatatumaliza. Maradhi tunayo tayari, chini ya sheria kali. Utafiti uliofanywa Dar es Salaam mwaka 2010 ulikuta karibu theluthi moja ya wanawake wanaouza ngono wana virusi vya UKIMWI, wakati utafiti wa kitaifa wa 2011-12 ulikuta asilimia 5.1 ya watu wazima wa rika la miaka 15 hadi 49. Sheria peke yake haikuzaa pengo hilo, lakini haikulipunguza. Jarida la kitabibu la The Lancet mwaka 2014 lilichapisha makadirio yaliyotumia takwimu za miji mitatu, mmojawapo Mombasa, yakaonyesha kwamba kuondoa adhabu kungeweza kuzuia kati ya asilimia 33 na 46 ya maambukizi mapya katika biashara hiyo kwa miaka kumi. Ni makadirio tu, yasichukuliwe kama utabiri. Lakini daktari yeyote atakuambia kwamba mgonjwa anayejificha hatibiki.

Kwa hiyo hatua ya kwanza, kwa maoni yangu, ni ndogo na ya nyumbani. Bunge lifute uzururaji wa “kahaba wa kawaida” katika kifungu cha 176, libakishe na kukaza makosa ya ukuwadi, ulazimishaji na watoto, na liandike wazi kwamba anayeripoti kupigwa, kubakwa au kuibiwa hashitakiwi kwa kilichompeleka mahali pale. Hilo halitutaki tuupende ukahaba. Mahakama Kuu ya Malawi, nchi yenye kanuni ya adhabu ya ukoo mmoja na yetu, mwaka 2016 ilifuta hatia za wanawake 19, ikisema kifungu cha mapato ya ukahaba kilikusudiwa kuwalinda na wanyonyaji wala si kuwaadhibu wao. Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ilitoa maoni ya ushauri kwamba sheria za uzururaji zinapingana na Mkataba wa Afrika. Fedha za kuwasaidia wanaotaka kuacha nazo zina mlango: ile asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo asilimia nne yake ni mikopo ya vikundi vya wanawake. Halmashauri ya Jiji inaweza kuanza na vikundi vya Jangwani na Gerezani bila kusubiri muswada wowote, mradi mwanamke asidaiwe kwanza kuungama alikotoka.

Waingereza waliotuandikia maneno “kahaba wa kawaida” waliyaondoa katika sheria za kwao mwaka 2009. Katika Kanuni yetu ya Adhabu, toleo la mwaka 2022, bado yapo.